Gavana wa Kura Moja Alivyohamia Silanga

Kilichonitoa nyumbani Jumamosi ile kilikuwa wivu. Ningeweza kusema nilikuwa naenda mkutanoni, na kweli mkutano ulikuwepo, lakini mkutano peke yake haumfanyi mtu apige viatu rangi mara mbili akijua vumbi la Naivasha Road linamsubiri nje.

Ndugu zangu wa nyumbani, mnapenda kuniuliza Nairobi ni mji wa namna gani, na mimi hujibu kwamba ni miji mingi iliyopewa jina moja. Mimi naishi Kawangware. Safari hii ilinipeleka Kibera na kunirudisha siku hiyohiyo, kwa miguu, na ulikuwa mwaka wa 1997, mwaka wa uchaguzi mkuu. Makanisa na misikiti ya upande wetu ilikuwa imechagua watu wa kuwaeleza raia namna ya kupiga kura na kwa nini wapige. Tuliitwa waelimishaji. Mimi nilichukuliwa kwa sababu tayari nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma, katika chumba cha kanisa karibu na stendi ya matatu za namba 46.

Kila mwelimishaji alikuwa na hadithi yake. Yangu ilikuwa ya gavana. Niruhusuni niieleze taratibu, kwa sababu bila gavana huyu safari nzima haina maana.

Katika karne ya kumi na tisa, huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, watu walimchagua gavana kila mwaka. Gavana ni mkubwa wa jimbo. Mfikirieni kama mkuu wa mkoa, ila huyu hateuliwi na mtu, anapigiwa kura. Palikuwa na gavana mmoja, msomi, fundi wa hotuba. Na palikuwa na jaji aliyekitaka kiti chake. Jaji aligombea, akashindwa. Mwaka uliofuata akagombea tena, akashindwa tena. Aliendelea hivyo kila mwaka kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka nadhani majirani walikuwa wanamwonea huruma. Sheria ya jimbo ilisema kuongoza hakutoshi. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote. Basi mwaka mmoja kura zikahesabiwa, na jaji akawa ameivuka nusu kwa kura moja. Moja, katika jimbo zima! Akawa gavana.

Hadithi hiyo niliitoa katika kitabu kikuukuu cha historia, kisicho na jalada, na nilikuwa nimeisimulia Kawangware tangu uchaguzi uliopita. Nikifika mwisho nilikuwa nainua kidole kimoja na kunyamaza, na darasa lote linakitazama kidole. Watu walianza kunisalimia njiani kwa kuinua kidole. Makondakta wa stendi waliniita Gavana. Ilikuwa yangu, hadithi ile, kama kofia ya mtu ilivyo yake.

Ndipo Wafula akaniletea habari. Wafula ni fundi wa mawe, mwanafunzi wangu wa kwanza na rafiki yangu wa karibu. Meno yake yanajulikana Kawangware nzima: ndiyo yanayofungua soda kwenye harusi zetu. Mdomo wake hautulii, lazima utafune kitu, iwe njiti ya kiberiti, jani, au kifuniko cha kalamu yangu. Siku hiyo ilikuwa njiti.

"Mwalimu, usikasirike. Gavana wako ameonekana Kibera."

"Gavana gani?"

"Si yule wa kidole. Kuna mwalimu mmoja anaitwa Hawa, anamsimulia huko Silanga. Watu wanajaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Na bana..." Akatoa njiti mdomoni. "Wanacheka. Wewe ukitusimulia, tunaelewa. Huko wanaelewa na wanacheka."

Hawa nilimjua. Alikuwa mwalimu wa shule ya watoto wadogo, na tulikutana kwenye semina ya waelimishaji, ambako alinisikiliza akiitikia kwa kichwa, akaniuliza maswali mengi, nami nikayajibu yote kwa moyo mmoja. Nilidhani ananisifu kwa kuuliza. Kumbe alikuwa anafungasha.

Na sasa kamati ilitaka mwelimishaji mmoja wa kuzunguka mitaa yote, kutoka Kawangware hadi Kibera, mpaka siku ya kura. Wajumbe wa vikundi wangekutana Silanga, watusikilize mimi na Hawa, kisha wachague. Wafula alikuwa mmoja wa wajumbe. Kawangware kila mtu alijua mtu huyo ni mimi. Mimi nilijua kuliko wote.

Asubuhi, stendi ya 46. Akina mama walikuwa wanapanga sukuma wiki kwa mafungu na kuyanyunyizia maji, na wauza mitumba wanakung'uta mashati. Kondakta mmoja aliinua kidole: "Gavana! Leo ni leo!" Nikainua changu. Niliiteremka Naivasha Road nikiwa mtu mkubwa sana, na ukubwa huo ulidumu kama nusu ya barabara.

"Unatembea kama mtu anayeenda kufumania," Wafula akasema.

"Naenda kusikiliza."

"Hata wanaofumania husema hivyo."

Dagoretti Corner tulipumzika kwenye kibanda cha chai, mkabala na mafundi wanaopanga vitanda na makabati kando ya Ngong Road. Nilitaka kunywa kimya nikiipitia hadithi yangu, lakini mwenye chai alimuuliza Wafula tunaelekea wapi, na Wafula hajawahi kuliacha swali la mtu lining'inie. Akaeleza kila kitu. Mwenye chai alinimwagia kikombe cha pili bila kuombwa, jinsi mtu anavyompa mfiwa.

"Kwani hadithi si kama wimbo wa kanisa?" akaniuliza. "Si kila mtu anaimba?"

Nikamwambia kwamba hata wimbo una mwanzishaji. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ile ya kumaliza mazungumzo.

Kutoka hapo tulipita upande wa Jamhuri, penye miti na majani, ambapo jiji linakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Nilimfanyia Wafula mazoezi ya hadithi tukitembea. Alinisikiliza hadi mwisho, nikainua kidole, naye akasema, "Ni ileile," kwa upendo wote, na maneno hayo mawili yakanichoma mpaka tulipofika Olympic.

Olympic ni mtaa wa nyumba za mawe ukingoni mwa Kibera, upande wa magharibi. Mageti yana rangi, nguo zinaanikwa uani. Dada yake Wafula, Nekesa, anaishi hapo na mumewe, na mgeni wa Kiluhya hapiti mlangoni pa Mluhya bila kuketi. Akatupokea kwa salamu ya "mulembe" na kuweka maji motoni.

"Mmekuja kumsikiliza Mwalimu Hawa?" akauliza. "Ngojeni nivae viatu, twende wote. Hadithi yake ya gavana nimeisikia mara tatu."

"Hadithi ya nani?" nikauliza.

"Yake. Ya gavana wa mapipa. Hujaisikia?"

Wafula alijifanya anatazama picha ukutani. Nilimweleza Nekesa, polepole kama ninavyomweleza mtu herufi mpya, kwamba mimi ndiye niliyempa Hawa hadithi hiyo. Akanitazama kwa makini.

"Ala! Basi wewe lazima unaisimulia tamu ajabu!"

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na maziwa mengi na sukari nyingi na tangawizi, na sikuisikia ladha. Lakini neno moja lilikuwa limenikwama: mapipa. Mapipa gani? Katika hadithi yangu hapakuwa na pipa hata moja.

Makina tulifika jua likiwa limepanda. Hapa ndipo penye nyumba za zamani za Wanubi, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakapewa msitu huu waishi. Ndio walioiita Kibra, maana yake msitu. Baadhi yao wana vyumba wanavyopangisha watu wa bara, Wajaluo, Waluhya na wengineo, waliokuja kutafuta kibarua. Kwa hiyo Kibera mambo mengi, ukiyafuata hadi chini, utakuta mwenye nyumba na mpangaji wake wanatazamana. Likumbukeni hilo, litakuja tena.

Hawa alitoka mlangoni kabla hatujabisha. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika mbali bila kupandishwa.

"Karibu, Mwalimu wangu!" akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ningefurahi angenisalimu kwa kiburi. Mtu mwenye kiburi ni rahisi kumchukia. Huyu alituketisha, akatuletea gurusa, mikate myembamba ya Kinubi inayokunjwa kama leso, na chai, akamwambia mama yake, "Huyu ndiye," na mama akanibariki. Nilitafuta kasoro nyumba nzima. Nilipata saa ya ukutani iliyosimama, na nikaikumbatia moyoni.

"Mwalimu," Hawa akasema, "kuna kitu kinanisumbua. Yule gavana wa zamani, aliyeshindwa kwa kura moja, alikubali tu akaondoka? Mimi hukomea pale jaji anaposhinda, lakini watu wananiuliza."

Nilijua jibu. Lilikuwa ukurasa uleule wa kitabu changu, chini. Lilikuwa kitu pekee katika hadithi hiyo kilichobaki changu.

"Tutazungumza baadaye," nikasema.

Wafula aliacha kutafuna, akanitazama.

Kutoka Makina tulivuka reli na kuteremka kwenye vichochoro vya Lindi, tukiruka mitaro, Hawa mbele na chungu kichwani, na leso kubwa begani. Kila baada ya nyumba chache alisalimiwa. "Sasa, Mwalimu!" "Poa, na mtoto anaendeleaje?" Hakuna aliyeinua kidole.

Silanga iko chini kabisa, kando ya bwawa. Ukifika unaona kwanza kijani: vishamba vya sukuma na nduma vinavyofuata maji, kisha wauza makaa waliopanga mikebe, kisha akina mama wa mboga. Ukumbi ulikuwa wa mabati, mali ya kanisa moja dogo, na ulikuwa umejaa. Wajumbe waliketi mbele, wenyeji nyuma. Mwenyekiti alikuwa Babu Ramadhani, mzee wa Kinubi mwenye koti safi, na pia mwenye vyumba vingi hapo Silanga, hivi kwamba nusu ya waliokuwa nyuma walikuwa wapangaji wake.

Nilisimulia wa kwanza. Nilisimulia vizuri, nawaapia. Nilieleza jimbo ni nini, nusu ni nini, nikainua kidole. Walikitazama, wakapiga makofi, makofi ya adabu ambayo mtu humpigia mtoto wa mgeni aliyekariri aya.

Kisha Hawa akasimama.

"Hapo zamani huko Marekani," akaanza, "serikali ya yule gavana ilitoa sheria ya pombe kali. Haikusema usinywe. Ilisema haiuzwi kwa glasi. Anayetaka, anunue nyingi kwa mara moja, pipa zima."

Mama mmoja mnene aliyekuwa katikati akainuka nusu. Niliambiwa baadaye anaitwa Risper, na kwamba anapika pombe ya busaa nyuma ya nyumba yake.

"Na nani ako na pesa ya pipa?"

"Ndiyo hapo, mama."

"Basi hiyo ni sheria ya matajiri!"

"Tajiri anashusha pipa lake nyumbani, anafunga pazia, anakunywa na marafiki. Mtu wa kibarua anayetaka glasi moja akitoka kazini, huyo ndiye mhalifu."

"Huyo gavana alikuwa anakaa wapi, nimjue?" Risper akapaza sauti. "Ama alikuwa chifu wa hapa?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipigana mabega. Hawa akangoja, kisha akasema, "Mimi sijaonja hata tone, wallahi. Lakini askari wakipiga teke mlango wa jirani usiku, hata asiyekunywa anaamka."

Kila mmoja pale alikuwa ameshaamka hivyo.

Ndugu zangu, sheria ile ya mapipa nilikuwa nimeisoma. Niliiacha nje kwa sababu chumba changu ni cha kanisa na mchungaji hapendi pombe itajwe. Nilikuwa nimemjibu Hawa kuhusu hiyo sheria kwenye semina, kwa sentensi moja, nikaendelea na mambo niliyodhani ni makubwa. Nilikuwa na nyama mfukoni huku nikiwagawia watu mchuzi.

Lakini hakuwa amemaliza. Alimwomba Babu Ramadhani asimame upande mmoja awe gavana. Kisha akaangaza macho. "Jaji nampata wapi? Wewe mgeni, mwenye mabega. Simama huku." Wafula akasimama kifua mbele, akiwa mtu mpya kabisa.

"Haya," Hawa akasema, "nyinyi ni raia wa Massachusetts. Pigeni kura."

Watu waliinuka. Wale wale waliokuwa wakimcheka gavana dakika hiyo hiyo wakaanza kupanga mstari nyuma ya Babu Ramadhani. Mmoja, wawili, kisha safu nzima mpaka ukutani. Risper mwenyewe alikwenda, macho chini. Nyuma ya Wafula palikuwa na Nekesa, na vijana wawili wa Olympic ambao hawakuwa na mwenye nyumba hapo.

"Hata nyinyi?" Wafula akasema, na watu wakacheka kidogo, kisha kicheko kikafa chenyewe.

"Nani amewaambia mpange mstari?" Hawa akauliza, kwa upole. "Mimi nimesema pigeni kura."

Ninyi mnaikumbuka kura ya mlolongo, ile ya miaka tisa kabla ya hapo, ya kusimama nyuma ya mgombea huku kila mtu akikuona. Ilikuwa imefutwa, lakini miguu yetu haikuwa imeambiwa. Nilisimama pale nikiuma midomo, na sauti ndani yangu ikilalamika kwamba Massachusetts hawakupanga mlolongo, kwamba anaiharibu historia. Sauti hiyo ilikuwa ya wivu, na nilijua. Kwa miaka yote nilikuwa nimewaeleza watu siri ya kura, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumfanya aione miguu yake.

Hawa alifunga leso yake kwenye kamba, ikawa pazia pembeni. Nyuma yake akaweka chungu. Kila mtu akapewa punje ya hindi na haragwe jekundu: hindi kwa gavana, haragwe kwa jaji, moja chunguni, nyingine mfukoni. Walipita mmoja mmoja. Chungu kilipomwagwa mezani kilikuwa chekundu tupu, na mahindi machache yaking'aa kama meno. Babu Ramadhani alicheka pamoja na wengine, lakini alicheka kwa mdomo tu.

Kisha ikaja kura yenyewe, ya wajumbe kumi na watatu. Wakaamua watumie njia ileile: hindi langu, haragwe la Hawa. Sheria ya kamati ilikuwa mshindi apate zaidi ya nusu, na kura zikilingana mwenyekiti aamue. Wajumbe walipita nyuma ya leso. Wafula alikaa huko kuliko wengine wote, nami nikafurahi, nikadhani ananichagulia punje nzuri.

Babu Ramadhani alihesabu kwa sauti. Mahindi sita. Maharagwe sita. Na kitu kimoja zaidi: nusu haragwe, lililopasuka katikati, upande mmoja mwekundu na upande mmoja mweupe.

Watu wakasogea. Kila mtu alipiga hesabu hiyohiyo kwa wakati mmoja. Likihesabiwa, Hawa ameshinda saba kwa sita. Likikataliwa, ni sita kwa sita, na Babu Ramadhani ndiye anayeamua. Na Babu Ramadhani, baada ya kuwaona wapangaji wake wakimkimbia kwa maharagwe, hangemchagua Hawa. Nilikiona uso wake. Tayari alikuwa ameanza kunitabasamia.

"Nusu si kitu kizima," akasema. "Lakini tuulize wanaojua. Mwalimu wa Kawangware, hii ni kura ama si kura?"

"Hapana, huyo ni mgombea!" mtu akapinga.

"Aulizwe yeye," Hawa akasema. "Ni mwalimu wangu."

Wakaniwekea nusu haragwe kiganjani. Halikuwa na uzito wowote. Niliwaza stendi ya 46, na kuinua kidole jioni ile. Niliwaza mitaa yote nitakayozunguka, na watu wakisema "hadithi yake," wakimaanisha yangu. Hawa alikuwa ananitazama bila hila, akingoja, kama alivyongoja kule Makina nilipomnyima jibu.

"Kuna mwisho wa hadithi," nikasema, "ambao sikuwaambia, wala yeye hajui. Katika kura zile za Massachusetts palikuwa na karatasi moja yenye kasoro. Jina la jaji lilikuwa limeandikwa vibaya. Watu wa gavana wangeweza kuikataa. Wangeikataa, hakuna ambaye angekuwa amevuka nusu, na uamuzi ungekwenda barazani, kwa wakubwa, na gavana alikuwa na wenzake wengi huko."

"Ee!" Risper akasema. "Sasa akafanyaje?"

"Hakugombana nayo. Aliona aliyeandika alimtaka nani. Akaacha ihesabiwe, akaenda nyumbani."

Ukumbi ulikuwa kimya, kimya cha kweli, ambacho sikuwa nimewahi kukipata na kidole changu.

"Na huyu aliyepasua haragwe," nikasema, "hakupasua hindi. Ni kura." Mdomo ndio uliosema hivyo. Moyo ulikuwa bado nyuma, Dagoretti Corner, ukinywa chai ya mfiwa.

Kelele zilizuka. Katikati yake nilimsikia Risper: "Kumbe huyu wa kidole ana hadithi! Mbona alikuwa anaificha?"

Hawa alinifikia huku akifuta macho. "Mbona hukuniambia kule nyumbani, Mwalimu?"

"Nilikuwa naiweka."

"Ya nini?"

"Sikujua ya nini," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli. "Sasa ni yako. Isimulie yote. Lakini watu wakikuuliza, sema mlolongo ni wako, si wa Massachusetts."

Akacheka sana. Aliniomba niende naye mitaa ya Kawangware atakapokuja, nimtambulishe. Nikakubali. Nilikubali kama mtu anavyomeza kwinini, lakini nilimeza.

Jioni tulipanda tena kuelekea Ngong Road, tukiwa tumemwacha Nekesa Olympic. Jua lilikuwa linateremkia upande wa Dagoretti, na mafundi wa vitanda walikuwa wanafunika kazi zao kwa karatasi za plastiki. Wafula hakuwa amesema neno tangu kwenye reli, na Wafula kunyamaza ni habari. Alikuwa akichokoa meno kwa njiti, akihangaika na jino la pembeni. Mwishowe kitu kikatoka. Alikitazama kwenye ncha ya njiti, nami nikakiona: kipande cha ganda jekundu la haragwe.

Hatukuwa tumekula maharagwe siku hiyo. Tulikula gurusa.

Akaona kwamba nimeona. Tukatembea. Nikamfikiria nyuma ya leso, hindi mkono huu na haragwe mkono huu, akiwaza, na mdomo ule usiotulia ukiuma kilichokuwa karibu. Swali lilikuwa limefika kwenye ulimi wangu kabisa. Wewe? Rafiki yangu, mwanafunzi wangu wa kwanza, niliyemshika mkono akaandika jina lake? Wivu niliotoka nao asubuhi ulikuwa mtoto mdogo mbele ya huu.

Tukapita kibanda cha chai, mwenyewe akiwa anaosha vikombe. Hakutuuliza kitu. Tukaipanda Naivasha Road bega kwa bega.

Kwa miaka yote nilikuwa nikifundisha kwamba pazia la kura linamkinga mpangaji na mwenye nyumba, na mnyonge na mkubwa. Sikuwahi kuwaza kwamba linamkinga pia rafiki na rafiki yake, na kwamba bila hilo pazia Wafula angesimama nyuma yangu Silanga kama Risper alivyosimama nyuma ya Babu Ramadhani, macho chini. Kama ningemuuliza, ningekuwa nimeivuta leso ya Hawa kutoka kwenye kamba. Bila pazia ningekuwa na hindi moja zaidi, na rafiki mmoja pungufu. Ninyi mtakaopiga kura mwaka huu huko nyumbani, ndugu kwa ndugu, mke na mume, msiulizane. Ni vigumu kuliko inavyosikika, lakini inawezekana. Mimi nilifika hadi stendi.

Pale 46 kondakta yule wa asubuhi alikuwa bado yupo.

"Gavana! Imekuwaje huko?"

"Imeamuliwa kwa kura moja," nikamwambia, nikainua kidole.

Wafula alinitazama, akangoja niseme ya nani. Sikusema.